Usiku wa Kitatange

Mlio wa kwanza nilidhani nazi imedondoka uani. Du! Kisha tena, du, kama mtu anayegonga ubao wa ngalawa kwa kifundo cha kidole. Ulitoka sebuleni, ndani ya tangi. Kitatange wangu, samaki wa mwambani, alikuwa analalama.

Ilikuwa Agosti 2011, mwaka wa mgao wa umeme. Kwetu Magomeni, Dar es Salaam, umeme uliondoka asubuhi na kurudi ukipenda. Mwezi huo huo petroli nayo iliadimika mjini, bei iliposhushwa na vituo vikaacha kuuza, kwa hiyo jenereta letu lilikaa uani kama pambo. Pampu ndogo ya betri ilikuwa imechoka tangu saa tano usiku. Mota kubwa ya kuzungusha maji ilikuwa kimya.

Mpwa wangu mvuvi wa Kigamboni ndiye aliyemleta kitatange huyo, miaka mitatu nyuma, ndani ya chupa ya maji iliyokatwa shingo. Hakuzidi kiberiti: buluu iliyokolea karibu nyeusi, mistari myeupe imepinda kama miezi michanga. Nikaona tangi langu la lita 400 ni bahari kwake. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza, maana kitatange wa aina hii hufika sentimita 40. Alipovuka shubiri moja mistari ikaanza kufifia, mwili ukawa wa rangi ya kijani-manjano wenye vidoa vya buluu, na tabia nayo ikabadilika. Huko mwambani hula sifongo. Kwangu alidonoa matumbawe laini niliyoyalea mwaka mzima, na kombe niliyemfuga humo akawa anashinda amefunga milango yake. Nilimkatia kamba wa soko la Feri, nikamtundikia mwani. Alikula vyote, kisha akarudi kwenye matumbawe.

Lakini nyumba nzima ilimpenda kwa sababu ya mkia. Samaki hawa wanapokuwa vijana, mistari ya mkiani hujikunja ikafanana na hati ya Kiarabu. Wazungu wanamwita samaki wa Kurani, na Unguja wanasimulia habari ya zamani ya mmoja aliyesomwa mkiani sokoni mpaka bei yake ikapaa. Shangazi alikuwa anavuta kigoda jioni na kusoma. “Lamu-alifu hii hapa, hebu tazama.” Miwani yake ilikuwa chumbani. Watoto wakamwita Sheikhe.

Sasa Sheikhe alikuwa juu ya maji, mdomo unafunguka na kufunga, mashavu yanapanda na kushuka. Maji yakipata joto hewa ndani yake hupungua, na samaki mkubwa ndiye huumia kwanza. Nikachota jagi nikamwaga kutoka juu, maji yabebe hewa. Shangazi akatoka na kanga yake, hakuuliza kitu, akachukua jagi la pili. Tulichota hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, yeye akinong'ona “Yaa Latifu” kila akimwaga.

Saa tisa nikaamua kumhamishia kwenye pipa la lita 60 lenye maji mabichi ya bahari niliyoyateka jana yake. Hapo nikafanya ujinga: nikamtia wavu. Vitatange wana mwiba shavuni, na wake ukanasa kwenye matundu. Alivyojipinda ndivyo alivyozidi kujifunga. Shangazi akashika simu yenye tochi, mimi nikakata uzi mmoja mmoja kwa mkasi wa kucha, samaki akiwa nusu ndani ya maji. Uzi wa mwisho ulipokatika alinichoma kiganja, akatumbukia pipani. Tangu siku hiyo samaki wa aina ile namkamata kwa ndoo.

Alfajiri mpwa wangu alikuja na bajaji tukaenda Magogoni, tuvuke kumrudisha baharini. Kwenye pantoni abiria walizunguka pipa. Jamaa mmoja mwenye mfuko wa vitunguu alitazama sana. “Huyu wa kukaanga au wa nazi?” Mpwa wangu akamjibu kwamba huyu ni Sheikhe, hakaangwi.

Leo nisingemrudisha baharini, samaki wa tangi anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Nilijipa moyo kwamba tangini hakuwahi kuchanganywa na samaki wa ng'ambo, na kwamba mwamba ulikuwa ule ule aliotolewa. Maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea kwa miguu mpaka ukingoni. Nikainamisha pipa taratibu. Alikaa kidogo kivulini kwa miguu yangu, akagonga mara moja, du, nikaisikia mpaka kwenye mashavu ya miguu. Kisha akateremka ufa wa jiwe, mkia ukapotea mwisho.

Nilirudi nyumbani saa nne. Umeme ulikuwa umerudi, mota inanguruma, kombe amefungua milango wazi kabisa. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake, mbele ya tangi.

“Umemsoma kabla hujamwachia?”

“Sikumsoma, shangazi.”

“Miaka mitatu!” akasema, akainuka kwenda kutafuta miwani.