Vitabu vya Lindo Vilivyokwisha Kujaa

Wenye maduka husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi ya ulinzi mali hupotea hata daftari likiwapo, na ninachodai kwa madaftari yetu ya zamani ni hiyo habari tu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika lindo nililokuwa nikilisimamia hapa Dar es Salaam, dizeli ya jenereta ilianza kupungua, na mlinzi wa usiku akashukiwa kabla ya mtu mwingine yeyote, maana kwetu mwenye kirungu ndiye hunyooshewa kidole kwanza. Kitabu cha matukio cha mwezi ule hakikutusaidia. Tulipofungua vya miezi minane iliyotangulia, tukivilinganisha na daftari la magari, tuliona gari lile lile la mkandarasi likitoka getini baada ya saa kumi na mbili jioni, siku zile zile ambazo kipimo cha tangi kilishuka, na nyingi kati ya siku hizo mtuhumiwa wetu alikuwa mapumzikoni. Walioandika mistari ile hawakuwa na shaka yoyote; waliandika kwa sababu ndio utaratibu.

Ndiyo maana sipokei kitabu kilichoandikwa “hali shwari” peke yake. Nataka saa, jina la anayekabidhi na anayepokea lindo, na idadi ya funguo. Kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini, na ukurasa usichanwe kamwe. Namba ya RB, yaani ile polisi wanayoipa taarifa ya tukio iliyofikishwa kwao, nayo huingia humo, kwa kuwa shauri linaweza kusikilizwa wakati mlinzi aliyelishuhudia tukio ameshaacha kazi.

Kamera zina udhaifu wake, kwani diski ikijaa, picha mpya hufuta za zamani. Tukio likitokea tunanakili siku hiyo hiyo na kuandika nani amenakili, kwa sababu chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 mahakama hupima jinsi kumbukumbu ilivyotunzwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaohifadhi kila kitu milele. Daftari la wageni lina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu kuzikalia baada ya haja yake kwisha. Yale yasiyohusiana na shauri lolote tunayateketeza mbele ya mashahidi wawili, na uteketezaji huo nao huandikwa katika kitabu cha matukio.