Umejuaje Kama Imefika?

Jana usiku binti yangu alinichungulia begani nikimjazia fomu ya safari ya shule kwenye simu. Nikabonyeza Tuma.

"Baba, sasa imeenda wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Umejuaje?"

Swali hilo nilishawahi kuulizwa, Januari 2010, na aliyeniuliza alikuwa rika la baba yangu.

Wakati huo nilikuwa yule kijana wa kompyuta wa sacco, orofa ya tatu, lifti mbovu. Waya wa intaneti wa baharini ulikuwa umefika Mombasa mwaka uliotangulia, na kila ofisi Nairobi ilitaka kuachana na karatasi. Nikaigeuza fomu ya mkopo kuwa PDF ya kujazwa, nikaweka kitufe cha TUMA chini kabisa. Nyuma yake mstari mmoja tu wa JavaScript, lugha ya kuandikia programu: submitForm, kisha mailto, yaani iende kwa barua pepe, na anwani ya ofisi, data itoke kama FDF, faili dogo lenye majibu tu bila fomu yenyewe. Kwenye mashine yangu ilikubali mara ya kwanza. Sikuijaribu kwingine.

Wiki mbili zikaleta fomu nne. Meneja akasema wanachama wetu hawapendi teknolojia. Nami nikaitikia, Mungu anisamehe.

Kisha akaja mzee mmoja, fundi wa mawe, vumbi bado kwenye viatu. "Kijana, mimi nilituma. Saiba walinitoza shilingi arobaini." Nikamwambia hatuna kitu chake. Hakupaza sauti. "Sasa ilienda wapi?"

Tukashuka naye hadi River Road, kwenye saiba yenyewe, duka la intaneti la kulipia, ngazi za giza, harufu ya mandazi kutoka chini. Akanionyesha mashine, ya pili kutoka mlangoni. Nikafungua fomu, nikabonyeza kitufe changu mwenyewe. Likatokea dirisha ambalo kwangu nililipita bila kulisoma: unatumia programu ya barua iliyo kwenye kompyuta, au barua ya mtandaoni kama Yahoo? Alama ilikuwa tayari kwenye ya kwanza. Ya pili ilikutaka uhifadhi faili, kisha uitume mwenyewe. Mji mzima ulikuwa Yahoo, lakini nani atasoma maelezo yote hayo na kila dakika ni shilingi? Mzee alikubali kilichowekwa, kama nilivyofanya mimi.

Nikafungua Outlook Express, programu ya barua ya mashine ile. Mhudumu alikuwa ameijazia akaunti ya uongo, eti iache kumsumbua kwa maswali. Na pale, kwenye foleni ya barua zinazosubiri kutoka, zilikuwa kumi na moja. Kichwa kimoja zote, kile nilichokiandika mimi: Maombi ya Mkopo. Nikafungua kiambatisho kimoja kwa Notepad. Katikati ya mabano na mikwaju nikasoma: /T(kiasi)/V(45000), halafu /T(sababu)/V(karo ya kijana form one).

"Hiyo ni yangu," mzee akasema, akaweka kidole kwenye kioo. Kucha ilikuwa na saruji. Hakukiondoa kwa muda, kana kwamba nikigusa kitu itapotea tena.

Nambari za vitambulisho za watu kumi na mmoja, majina ya wadhamini wao, wazi kwa yeyote mwenye shilingi moja. Mhudumu akauliza, "Nifute?" Nikamwambia angoje, nikatoa flashi.

Mengine yalienda haraka. Kamati ya mikopo ilikuwa imeshakaa Ijumaa. Mzee alipata pesa Februari, wanafunzi wa darasa la kijana wake wakiwa wameshazoea bweni. Kitufe nilikiondoa, nikaandika badala yake: hifadhi, ambatisha, tuma. Meneja nilimwambia mtandao ulikuwa na shida. Hadi leo sijamsahihisha, na sasa amestaafu.

Binti alikuwa bado anangoja jibu. Nikamwambia alale, nitauliza.

Asubuhi nimempigia mwalimu. Hajashika simu.