Siku nilipoacha kuusugua uso

Kwa miaka mingi niliamini uso umetakata pale tu ngozi inapovuta. Nikimaliza kunawa, nikitabasamu mashavu yabane, nafurahi kwamba uchafu umetoka. Nilinawa asubuhi, mchana na usiku kwa sabuni ya kuogea na dodoki, na chunusi zilipochachamaa nilizidi kusugua. Zilinitoka kwenye taya, na kila iliyopona iliacha doa jeusi la kukaa miezi.

Kwa daktari wa ngozi nilikwenda na mfuko mzima wa krimu. Hakuufungua. Aliniuliza tu, "Dada, unanawa uso mara ngapi kwa siku?" Nilipomjibu, alinieleza jambo ambalo ningetamani kulijua nikiwa na miaka 16. Tabaka la juu la ngozi ni kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikipanda uchachu hupungua) ni karibu 5, ilhali sabuni nyingi za kipande hufika 9 hadi 10. Mimi nilikuwa naukwangua udongo huo mara tatu kwa siku. Ukuta ukishapata nyufa, maji ya ndani yanatoka na vitu vinavyowasha vinaingia.

Sasa hivi nanawa kwa sabuni ya uso mara moja tu, jioni. Kwanza naosha mikono, maana ndiyo inayoshika uso. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya maji isiyo na manukato, na ncha za vidole basi. Nasuuza vizuri kwenye mpaka wa nywele na chini ya kidevu, mahali povu hujificha. Taulo nalipigapiga tu usoni. Halafu, kabla uso haujakauka, napaka losheni yenye glisirini, na midomoni mafuta ya mgando.

Hapo kwenye unyevunyevu nataka msikie vizuri, kwa sababu ndipo ngozi yangu ilipobadilika. Mafuta ya mgando hayana maji ya kuipa ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoroke. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, unafunga mlango wa nyumba tupu. Nilipaka hivyo miaka yote, nikishangaa kwa nini nang'aa huku ngozi inababuka.

Asubuhi ni maji matupu, losheni kidogo, na krimu ya kukinga jua. Najua sisi wenye ngozi nyeusi tumezoea kusema hiyo si yetu. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga kweli, ila haimalizi kazi, na jua ndilo lililokuwa linakoleza madoa yangu. Natumia ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua), ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, mradi niipake ya kutosha: mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya cha kati, kwa uso na shingo. Nikishinda nje narudia kila baada ya saa mbili. Ya kwanza iliniacha na weupe kama majivu. Niliyonayo sasa ina rangi ya kahawia kutokana na oksidi za chuma, na hizo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwa watu weusi.

Krimu za kung'arisha zisizoandikwa kilichomo, tafadhali, ziacheni. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo, nyingine steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Nimemwona binamu yangu aking'aa wiki chache, kisha ngozi ikawa nyembamba hadi mishipa ikaonekana, na alipoacha, uso mzima ukaumuka kwa vipele.

Nikitaka kujaribu kitu kipya, nakipaka kwanza nyuma ya sikio siku kadhaa. Kikipita hapo, nakipa wiki 6 hadi 8 peke yake bila kuchanganya na kingine kipya, maana tabaka la juu la ngozi huchukua karibu mwezi kujibadilisha.

Doa kubwa la taya ya kushoto lilififia baada ya miezi saba. Dodoki bado liko bafuni, ila sasa ni la visigino.