Nimehamia monita za masikioni kanisani (iafoni za kujisikia mwenyewe ukiwa jukwaani), haya ndo niliyoyaona mpaka sasa

Mi napiga kinanda na kuimba kwenye timu ya sifa, jukwaa letu dogo, drum iko karibu kabisa na kisogo changu na spika ya monita tulikuwa nayo moja pale chini tunagombania. Kila mtu anataka ajisikie yeye, fundi mitambo anapandisha, mpiga drum naye anaona hajisikii anazidisha kupiga, fundi anapandisha tena, mwisho wa siku maiki zinaanza kulia na mi narudi nyumbani masikio yanavuma mpaka usiku. Hapo ndo nikaamua. Iafoni za Shure SE215 ambazo wanamuziki wengi wanazisifia ni kama dola 100, hiyo hela sikuwa nayo, nikaagiza KZ ZSN Pro, dola 20 hivi mtandaoni.

Kwa muonekano ziko poa, plastiki angavu unaona vitu vya ndani, bamba la chuma kwa nje, na kebo inachomoka, ikikatika unanunua kebo tu hutupi kitu kizima. Kila upande una drayva mbili, yaani vispika vidogo vya ndani, moja ya milimita 10 inashughulika na besi na sauti za kati na nyingine ndogo ni ya sauti za juu. Kebo inapita juu ya sikio inashukia nyuma, mwanzoni unahisi kama unavaa miwani kinyumenyume lakini ukishazoea hata ukicheza haivutiki. Nikasikiliza nyimbo nyumbani, besi ipo, matoazi yanakata kidogo kwa masikio yangu, ila kwa hiyo bei sina neno.

Sasa kazi ikaja kwenye mazoezi. Waya wangu unatoka kwenye aux ya miksa, ile njia ya pembeni ya kutolea mchanganyiko wangu peke yake, unaingia Behringer P2, kile kidude cha kiunoni cha kukuza sauti ya iafoni, cha betri mbili za AAA, na kwa kuwa ni laini moja tu nimeweka swichi kwenye mono, sauti ile ile masikio yote mawili, vinginevyo unasikia upande mmoja. Na aux iwe prifeda bana, yaani ichukue sauti kabla ya kufika kwenye vitelezi vya fundi, la sivyo kila fundi akigusa sauti ya spika kubwa na wewe masikioni kwako inabadilika.

Tukaanza, nasikia drum tu. Nikamwambia fundi, "Kaka, nitolee drum, niongezee kinanda." Akanijibu kwa ishara kisha akaja mwenyewe, "Mwalimu, kwenye laini yako sijaweka drum hata kidogo, hiyo unaisikia ya hapo hapo."

Kumbe ni vile vimpira vya silikoni vya kwenye ncha ya iafoni. Saizi ya kati iliyokuja imevaliwa tayari ilikuwa inakaa vizuri kushoto ila kulia inavuja, na ikivuja besi yote inakimbia na kelele za nje zinaingia. Nikabadilisha kulia nikaweka kikubwa, kushoto nikaacha cha kati, alafu unapovaa unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ndo unasukuma huku unazungusha kidogo. Dunia ikanyamaza. Kinanda nikakisikia hadi kidole kilichokosea. Ila jaribu huku unaimba, usiridhike umekaa kimya, maana ukifungua mdomo kwenye noti ya juu taya linasogea na kampira kanaachia. Mtu anaweza akatupa iafoni nzuri kabisa akisema haina besi kumbe ni kampira ka shilingi mia kadhaa.

Kitu ambacho sikukipenda ni sauti yangu mwenyewe, inavuma ndani ya kichwa, ukiziba masikio ndo inavyokuwa. Fundi alinipunguzia sauti za chini kwenye maiki yangu na kuniongezea kaekoo kidogo, afadhali.

Alafu waumini huwasikii. Wanaimba mbele yako we unaona midomo tu, upweke fulani hivi. Wengi hapa wanachomoa upande mmoja, mi nilikataa kwa sababu lile sikio lililobaki utaliongezea sauti ili lishindane na drum. Tukachukua maiki ya akiba tukaielekeza kwa waumini, kwenye spika kubwa haitoki kabisa, inakuja kwenye aux yangu tu. Sasa nasikia mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele anayepiga vigelegele kabla ya kiitikio.

Sauti naiweka chini kuliko nilivyotegemea. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila ukiongeza desibeli 3 huo muda unakatika nusu, na sisi mazoezi yetu yanavyovutwa ndo hivyo tena. Mpiga besi ameshaziazima akazivaa akasema hazina besi, nimempa pakiti ya vimpira akajaribu kikubwa.