Soda ya mama: nilivyoifufua sifoni kuukuu hapa Wete

Mama yangu alikatazwa sukari mwaka jana, na kitu alichokililia kuliko vyote si halua wala visheti. Ni soda. "Nautaka ule mchomo wa puani tu, mwanangu," alikuwa akiniambia kila jioni tukikaa barazani. Chupa ya kola ya mililita 330 ina sukari kiasi cha gramu 35, kwa hivyo daktari hakukosea na mie sikuthubutu kumbishia. Lakini mchomo hautoki kwenye sukari. Mchomo ni gesi, kaboni dioksaidi, ikishayeyuka majini na kuyapa ukali kidogo. Nikajiambia, basi mama nitampa gesi, sukari ibaki dukani.

Kabla ya kufika kwenye sifoni, ile chupa ya chuma ya kutilia maji gesi nyumbani, nilisikiliza watu, na ushauri wao ndio ulionifanya niandike haya. Shemeji yangu, mume wa dada, alishika hamira. Tia chembe za hamira na sukari, funga chupa, ilaze usiku kucha, asubuhi una soda. Si kwamba alisema uongo, maana hamira hutoa gesi hiyo hiyo. Hata Mwingereza Joseph Priestley, mwaka 1767 kule Leeds, gesi yake aliipata juu ya mapipa ya kiwanda cha bia, akaona maji yakiinywa yanakuwa na mchomo mzuri. Lakini si umelisikia lenyewe, bia! Hamira ikila sukari hutoa gesi na kileo kwa pamoja. Mama alipojua hilo alisukuma gilasi mbali, na haki yake. Tena ukimnyima hamira sukari, hana cha kula. Huko hakukuwa na njia.

Jirani naye akaleta magadi soda na maji ya ndimu. Povu linapanda kweli, watoto wakashangilia, halafu linakufa na kukuachia maji ya chumvi mdomoni. Na mama ana presha. Nilimwaga yote uani.

Sifoni niliipata Darajani nilipovuka kwenda Unguja, kwa muuza vyombo vya mtumba. Chupa ya alumini ya lita moja, nzito, ina kichwa chenye mkono wa kubonyeza na mdomo mfano wa birika. Niliinunua kwa elfu thelathini na ushei, pamoja na boksi la vichupa kumi vya chuma vya gesi, kila kimoja kama kidole gumba. Yule bwana alinihakikishia kwamba vichupa ndivyo hivyo.

Kazi yake nilipoielewa niliipenda. Ndani mna mrija mrefu unaoshuka kutoka kichwani mpaka karibu na kitako. Ukikaza kichupa, kinatobolewa, na gesi inakimbilia ndani. Nyingine inayeyuka, nyingine inabaki juu ya maji ikiyakandamiza. Ukibonyeza mkono, maji hayana pa kwenda ila kupanda mrijani na kutoka mdomoni, na chupa haifunguliwi hata mara moja. Ndiyo maana gilasi ya mwisho inakuwa na mchomo kama ya kwanza, jambo ambalo chupa ya soda ikishafunguliwa haiwezi.

Siku ya kwanza ilivuja. Nilifanya kama wanavyofanya mafundi baiskeli, nikapaka povu la sabuni shingoni, na vipovu vikainuka pale pale kwenye washa, yule mpira wa kuziba kichwa kisivuje. Mpira ulikuwa umekauka kama ganda la nazi. Nikakata washa mpya kwenye mpira mzee wa sufuria ya presha, nikaufuatisha kwa kalamu na kuukata kwa wembe, pole pole, karibu saa nzima. Ulikaa! Mpaka leo upo. Jaribio la kwanza nililifanya nimeizungushia sifoni taulo zito na nimegeuza uso pembeni, na yeyote atakayetengeneza kitu cha shinikizo nyumbani namuomba afanye hivyo.

Sasa njoo kwenye lile lililoniuma. Sifoni haivuji, maji yamo, kichupa nimekikaza, sauti ya gesi nimeisikia. Nikammiminia mama. Povu jeupe, laini, zuri la kuangalia. Akanywa, akanyamaza, akasema, "Mbona yana utamu wa ajabu, na hayachomi?" Nikaonja mwenyewe. Kweli, utamu mwembamba, na ukali hakuna. Nikatia kichupa cha pili, mambo yale yale. Cha tatu, vile vile. Usiku huo sikulala, nikidhani nimeharibu kitu nilipokata washa. Asubuhi nikakiangalia kichupa kwa makini, nikasoma maandishi madogo ubavuni: N2O. Ile ni gesi ya kuumulia krimu ya keki! Vichupa vinafanana kwa umbo, vyote ni vya gramu 8, vyote vinaingia kwenye sifoni, ila gesi ya krimu haitengenezi ile asidi nyepesi inayochoma ulimi. Muuzaji aliniapia bila kusoma, na mie nikamwamini. Basi ukinunua, soma chuma chenyewe. Kinachotakiwa kimeandikwa CO2, ndiyo ile kaboni dioksaidi. Vya sawa nilikuja kuletewa na kijana anayefanya kazi jikoni katika hoteli moja Unguja, kila kimoja kama elfu mbili hivi, na vilikuja na boti.

Hata hapo nilipata nusu ya mchomo tu. Shemeji akasema ongeza kichupa, na huu ndio ushauri mbaya kupita wote. Gesi haikuwa chache. Gramu 8 ukiziachia chumbani kwetu ni zaidi ya lita nne za gesi! Shida ni maji yenyewe. Maji ya nyuzi 5 yanabeba kiasi cha mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 30, na maji ya bomba letu wakati wa kaskazi ni uvuguvugu mtupu. Gesi inakosa pa kuingia, inakaa juu, na ukibonyeza inatoka kwa mate na kelele, basi.

Kwa hivyo siku hizi nafanya hivi. Maji nayalaza usiku kwenye mtungi wa udongo wa bibi, unaotoa jasho na kuyapoza bila umeme. Asubuhi nayatia kwenye sifoni mpaka chini kidogo ya shingo, maana gesi lazima iachiwe nafasi. Halafu sifoni nzima naizamisha kwenye ndoo ya maji na barafu ya mifuko, saa moja au zaidi. Maji ya mtungi yameshapungua joto, kwa hivyo mifuko miwili ya barafu inatosha pale nilipokuwa nikimaliza mitano. Kwenye friza usiitie kabisa. Maji yakiganda hutanuka, na chombo kilichofungwa hakina subira. Kichupa kikishaingia naitikisa kama mara ishirini, kisha naiachia dakika kumi ndani ya ndoo.

Juisi usiitie ndani, nyama ya tunda inaziba valvu. Mimi nachemsha mchaichai, tangawizi ya kuponda na karafuu mbili za shamba letu, nachuja kwa kitambaa, napoza. Naweka kidogo chini ya gilasi, nakamulia ndimu, kisha naachia maji ya sifoni yateremke ubavuni taratibu. Ukiyapiga katikati, nusu ya gesi inaondoka na povu.

Na ukitaka kuifungua kabla ya maji kwisha, igeuze kichwa chini, miguu juu, kisha bonyeza. Mdomo wa mrija unakuwa kwenye gesi, si kwenye maji, na shinikizo lote linatoka bila kukurowesha. Hili sikufundishwa na mtu, nililigundua kwa kuutazama ule mrija, na nimewafundisha watu watatu hapa mtaani.

Ramadhani iliyopita niliiweka sifoni kwenye jamvi la futari, katikati ya muhogo wa nazi na tende. Adhana ikalia, mama akala kokwa moja ya tende, akanyoosha mkono, nikammiminia. Alikunywa funda moja, akafumba macho, akashika pua. "Eh," akasema, "imenipata." Kisha akaniuliza vimebaki vichupa vingapi. Nikamwambia sita. Akaniambia nipige simu Unguja usiku huo huo, boti ya kesho isije bila mzigo wangu.