Hadasa Katika Jumba la Mfalme

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Esta 2:5–20 na 4:10–17, nami naomba tulisome tukiwakumbuka dada zetu weusi wanaofanya kazi katika makampuni makubwa ya Marekani, wakiwamo waliotoka huku kwetu, ambao wengi wao hurudi nyumbani jioni wamechoka kwa mzigo ambao haukuandikwa katika mkataba wa kazi.

Yatima aliyelelewa na Mordekai aliitwa Hadasa, lakini jumbani kwa mfalme Ahasuero tunamjua kwa jina la Esta. Aliandaliwa kwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato, na muda wote huo hakutaja kabila lake la Kiyahudi wala jamaa zake, kwa kuwa Mordekai alimwagiza asiseme. Maandiko hayamlaumu. Mordekai alimpenda, alipita kila siku mbele ya ua wa nyumba ya wanawake ili ajue hali yake, na agizo lake lilikuwa la mlezi anayeifahamu hatari ya mahali pale. Akina mama wengi weusi wa Marekani wamewausia binti zao vivyo hivyo: nyoosha nywele kabla ya usaili, punguza sauti, usionyeshe hasira hata ukionewa. Hawakuwafundisha kujidharau, walitaka watoto wao wapate riziki.

Na hatari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Boston na Chicago, ambapo maombi ya kazi yapatayo 5,000 yalitumwa kwa waajiri yakiwa na majina yaliyobuniwa. Yale yenye majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu, kama Emily, yalijibiwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yenye majina kama Lakisha. Mwaka 2010, mjini Mobile, Alabama, Chastity Jones alikwenda kwenye usaili amevaa suti ya bluu, nywele zake zikiwa dredi fupi, akapewa kazi. Kisha akaambiwa azikate, na alipokataa akanyang'anywa nafasi ile, ingawa ilikuwa kazi ya kupokea simu katika chumba ambacho hakuna mteja angemwona. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2016 kwamba sheria haikuvunjwa. California ilikuwa jimbo la kwanza kukataza ubaguzi wa namna hiyo, mwaka 2019.

Basi tusimhukumu dada aliyejificha. Lakini tazameni yaliyompata Esta baada ya kuvikwa taji. Mfalme aliidhinisha kuangamizwa kwa Wayahudi bila kujua kwamba anaidhinisha kifo cha mke wake, kwa sababu aliyekuwa akiishi naye hakumfahamu. Hapo ndipo uchungu wa kujificha ulipo: unakaa meza moja na watu wanaoamua mambo ya ndugu zako mbele yako, nao hawajui kwamba wewe ni mmoja wao, au wanajua na wanakusifu kwa kutofanana na ndugu zako. Na aliyemwambia Esta kwamba jumba la mfalme halitamwokoa ni Mordekai yule yule aliyemwagiza anyamaze. Ushauri uliomfaa wakati wa kuingia haukumfaa tena wakati wa kukaa.

Esta hakukimbia jumba, wala hakuvua vazi la kimalkia. Alilivaa, akaingia, na kwenye karamu akasema mbele ya mfalme maneno aliyoyameza kwa miaka: watu wangu. Wako dada ambao Mungu atawaruhusu kuondoka kazini, na tusiwaone wameshindwa. Wengine watabaki kama Ursula Burns, binti wa mama mhamiaji kutoka Panama, aliyeingia kampuni ya Xerox mwaka 1980 kufanya mazoezi ya kazi na mwaka 2009 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mojawapo ya makampuni 500 makubwa ya Marekani, huku akijulikana kwa kusema wazi analoliona. Cheo peke yake hakimpi mtu utoshelevu. Esta alikuwa na taji kwa miaka kadhaa, lakini ni katika sura ya 9 ndipo anapoandika barua kwa mamlaka yote akitajwa kuwa malkia na binti wa Abihaili, cheo chake na jina la baba yake vikiwa pamoja.

Wala hakwenda peke yake. Kabla ya kuingia kwa mfalme aliwataka Wayahudi wote wa Shushani, mji wa mfalme, wafunge kwa ajili yake siku 3. Hili linatuhusu sisi kanisa moja kwa moja, maana tumezoea kuwaombea dada zetu wapandishwe cheo na kusahau kuwauliza wanavyoishi huko, na hata katika ibada zetu wako wanaotazamwa vibaya kwa ajili ya dredi. Tukitaka wajidhihirishe kwa mfalme, kwanza wasijifiche kwetu. Ijumaa hii tutakapofunga, kila mwenye dada katika kazi za namna hii ampigie simu, amsikilize bila kumkatiza, amuulize jina analoitwa nyumbani, na atuletee jina hilo tuliombee.