King'amuzi hakikusikilizi jamani, ila mita ya umeme ina mambo yake

Kuna watu wakimaliza kuangalia TV wanaifunika kitenge, na sio kwa ajili ya vumbi, ni kwa ajili ya serikali. Cheka tu, ila mi nawajua kadhaa na mmoja wao ni mama mdogo wangu wa Mbagala, ukianza kuongelea siasa sebuleni kwake anakunyooshea kidole king'amuzi, kale kataa kekundu kanakobaki kanawaka ukishazima, anakwambia punguza sauti mwanangu. Na sio mtu wa kijinga, ana duka lake la vifaa vya shule na mahesabu anapiga kichwani haraka kuliko mi na simu.

Haya maneno ya ving'amuzi ni ya zamani. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar na kila mwenye TV chogo akalazimika kutafuta king'amuzi, kila kijiwe kilikuwa na tafsiri yake, wengine ni biashara ya wakubwa, wengine hilo dude lina kamera ndani. Ukikaa ukafikiria swali lao lilikuwa zuri tu, kwanini mtu akulazimishe kununua kitu cha kukaa sebuleni kwako halafu hela utoe wewe? Jibu lenyewe halina utamu, nchi nyingi zilikubaliana kwenye shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kwamba mpaka Juni 2015 ziwe zimetoka analojia, maana analojia inakula masafa mengi na masafa hayo yanatakiwa kwa ajili ya intaneti ya simu. Ila jibu kama hilo hakuna aliyekuja kulisema kijiweni, na pale ambapo serikali imekaa kimya watu watajaza wenyewe.

Sasa mi kabla sijaanza kukiogopa kifaa chochote nakiuliza maswali mawili. Una sikio au jicho? Na una njia ya kutoka? Yaani kina maiki au kamera, na kina pa kupitishia hicho kilichosikia, iwe laini ya simu, waya wa intaneti au WiFi. Kikikosa kimoja wapo naendelea na maisha.

King'amuzi cha kawaida, cha antena au cha dishi, hakina chochote kati ya hivyo. Kinapokea tu. We jiulize, ukilipia kifurushi kwanini wanakwambia acha kimewashwa? Ni kwa sababu kampuni inarusha ile amri ya kufungua hewani kwenda kwa ving'amuzi vyote, chako kinasikia namba ya kadi yake kinajifungua, kama kilikuwa kimezimwa imekula kwako. Kingekuwa na uwezo wa kujibu usingekuwa unahangaika na huduma kwa wateja unawasomea namba za smartcard huku umeinama nyuma ya TV na tochi mdomoni. Hao jamaa hawajui hata kama kimewashwa, watajuaje unamsema nani? (Vile vipya vinavyochomekwa intaneti ni habari nyingine, hivyo vina njia.) Na TV chogo usiniambie kitu, ile ni bubu na kipofu kabisa.

Machi 2017 mshauri mmoja wa Trump, Kellyanne Conway, alisema kwenye mahojiano kwamba siku hizi kuna maikrowevu zinazogeuka kamera, dunia nzima ikamcheka wiki nzima. Maikrowevu ya kupashia wali wa jana imefeli maswali yote mawili. Ila tusicheke sana maana wiki hiyo hiyo kulikuwa na jambo la kweli lililompeleka huko. WikiLeaks, wale jamaa wa kuvujisha siri za serikali, walikuwa wametoka kumwaga nyaraka za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na ndani yake kulikuwa na programu inaitwa Weeping Angel, waliyoitengeneza kwa kushirikiana na wenzao wa MI5 wa Uingereza, ya kuingiza kwenye TV za Samsung aina ya F8000. Zile zilikuwa na maiki na kamera juu. Ikishaingia, ukibonyeza rimoti TV inajifanya imezimika, kioo cheusi, taa imezima, kumbe iko macho inarekodi. Kwaiyo mama mdogo na kitenge chake hajaokota wazo jalalani, kuna ofisi kubwa ya watu wenye digrii walikaa wakafanya kile kile anachokiogopa.

Ila angalia hapa. Kwa mujibu wa zile nyaraka Weeping Angel ilikuwa inaingizwa kwa flashi. Mtu aingie kwako, achomeke flashi nyuma ya TV, aondoke. Sasa mtu akishaweza kuingia nyumbani kwako usipokuwepo ana mengi ya kufanya zaidi ya kuhangaika na TV. Na kazi kama hiyo haifanywi kwa kila mtu, inafanywa kwa mtu mmoja wanayemtaka. Mwaka 1945 Warusi walimpelekea balozi wa Marekani kule Moscow zawadi ya nembo ya taifa lake imechongwa kwa mbao, nzuri kweli, akaitundika nyumbani kwake chumba cha kusomea, ikakaa pale mpaka 1952 ndo wanagundua ndani kuna kidude cha kusikiliza, hakina betri wala waya, kinaamshwa na mawimbi yanayorushwa kutoka nje. Miaka saba! Maswali yangu mawili hapo yangeumbuka, nakubali. Ila yule alikuwa balozi. Mi na wewe tunaodaiwa kodi ya miezi miwili nani atatuchongea nembo?

Kwa watu wa aina yetu kinachotokea ni cha kichovu zaidi na ndo maana hakuna anayekiogopa. TV janja zina sikio na zina njia, na anayesikiliza kwanza ni muuzaji. Mwaka 2015 Samsung wenyewe waliandika kwenye masharti yao kwamba ukitumia ile huduma ya kuamrisha TV kwa sauti, ukiongea mambo yako ya siri karibu nayo na yenyewe yatabebwa yapelekwe kwa kampuni nyingine. Wameandika wenyewe, tatizo nani anasoma yale masharti, wote tunabonyeza kubali tuwahi mechi. Halafu 2017 kampuni ya Vizio kule Marekani ikalipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwamba TV zake milioni 11 zilikuwa zinanukuu kila kinachopita kwenye kioo sekunde kwa sekunde bila wenyewe kujua. Hata ukichomeka deki ukaweka kanda ya harusi ya dada yako inajaribu kuitambua. Teknolojia yenyewe inaitwa ACR na haikufa na ile kesi, ipo kwenye TV nyingi zinazouzwa saivi, kwaiyo kama una TV janja ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, utaikuta imejificha kwa majina matamu matamu ya kukupa matangazo yanayokufaa, izime. Kitenge hakiizuii hiyo, hiyo inaangalia kwa ndani.

Na serikali inaingiaje hapo? Inaingia kwa kupiga hodi kwa muuzaji. Zile kengele za mlangoni zenye kamera za Ring, kampuni ya Amazon, mwaka 2022 Amazon walimjibu seneta mmoja, Ed Markey, kwamba ndani ya mwaka ule tu walishawapa polisi video mara 11 bila ruhusa ya mwenye kamera, wakasema zilikuwa za dharura. Mwenye nyumba ameinunua kwa hela yake, akaifunga mwenyewe, analipia kila mwezi, halafu picha ya mlango wake inaondoka yeye hana habari. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali imeweka kamera kwenye nyumba za watu namwambia haina haja ya kuweka, tunaweka wenyewe, na zile kamera za WiFi za bei poa zinazouzwa Kariakoo watu wengi hawajabadilisha hata nywila iliyotoka nayo kiwandani. Hizo hata serikali usiisingizie, mtoto wa jirani anaingia.

Ile ya simu inasikiliza maongezi halafu inaleta tangazo naomba niipitie haraka. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Northeastern, Marekani, walipima programu zaidi ya 17,000 za Android, hawakukuta hata moja inayorekodi sauti kimya kimya na kuituma, walikuta zingine zinapiga picha kioo na kupeleka kwa watu wengine. Kwaiyo tangazo la magodoro limekufuata kwa njia nyingine. Tuendelee.

Kilichonifanya niandike yote haya ni LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla.

Mnakumbuka 2024 tulivyoambiwa kila mtu aboreshe mita yake, unanunua umeme unapewa namba za ziada, makundi mawili ya tarakimu 20 uyaingize kwanza ndo uingize zile za umeme, na usipofanya kabla ya tarehe 24 Novemba mita haitapokea umeme tena. Kitaani kwetu iligeuka hadithi ya chipu. Ati zile namba zinawasha kitu ndani ya mita kitakachosikiliza nyumba nzima. Kuna jamaa alikaa gizani kwa msimamo, mkewe ndo akaingiza namba.

Ukweli wake ni wa saa tu. Hizi mita za kununua umeme, nyingi duniani zinafuata mfumo mmoja, na ule mfumo unahesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na kisanduku cha kuhesabia kilikuwa kinajaa tarehe hiyo ya Novemba 2024. Wakenya nao walikuwa kwenye mkumbo huo huo. Mita ya LUKU ya kawaida haina maiki, na haina njia, ndo maana unaiandikia namba kwa kidole. Ukiingiza tarakimu 20 inazifungua kwa ufunguo wake, inakuongezea yuniti, basi, haina wa kumjibu.

Ila hapo ndo maswali yangu mawili yaliponifelisha, na sio kwa mambo ya mabalozi. Mita haijui kitu lakini kule unakonunulia wanajua. Ulinunua siku gani, shilingi ngapi, kwa mita ipi, kwa namba gani ya simu. Na namba ya simu tokea Januari 2020 laini zilipoanza kufungwa imeshikana na kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole chako. Ukiziunganisha hizo unajua nani anakaa wapi, kama mwezi huu yupo au amesafiri, kama kaongeza friji. Hakuna aliyetega sikio popote.

Na serikali ilishaitumia mita, hadharani kabisa. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU, wakati huo nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Kabla ya hapo walikuwa wanahangaika kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta majengo, kumbe orodha ipo ukutani kwa kila mtu inawaka taa. Wapangaji tukalia kwanini nilipe kodi ya jengo la baba mwenye nyumba, tukaambiwa tumalizane nae wenyewe. Sisemi kodi ni mbaya, nasema hakuna king'amuzi kilichowahi kunikata hela kwa kunitambua. Mita imenitambua.

Kule Bentonville, Arkansas, mwaka 2015 mtu alikutwa amekufa kwenye beseni la maji moto nyuma ya nyumba ya rafiki yake. Habari zilizozunguka dunia zilikuwa za spika ya Amazon, ile Echo inayoitikia jina, polisi wakitaka sauti zake na Amazon wakigoma. Kitu ambacho wengi hawakukiona ni mita ya maji. Ilikuwa mita janja, ikaonyesha kati ya saa saba na saa tisa usiku zilitumika galoni 140, zaidi ya lita 500, polisi wakasema huyu rafiki mwenye nyumba alikuwa anaosha damu. Upande wa utetezi wakazipinga zile namba, mwishoni mwa 2017 kesi ikafutwa. Jamaa alishtakiwa mauaji na ushahidi mmojawapo ni mita ya maji. Nani hapa kwetu ameshawahi kuifunika mita ya maji kitenge?

Na sisi mita janja za umeme zimeshaanza kuzungumziwa, zile zinazotuma zenyewe matumizi bila mtu kuja kusoma. Hizo sasa zina njia. Kule Naperville, Illinois, wananchi waliupeleka mji wao mahakamani kwa ajili ya mita zinazorekodi kila dakika 15, na Agosti 2018 mahakama ya rufaa ikasema ndiyo, kukusanya namna hiyo ni sawa na upekuzi wa nyumba, maana ukiangalia umeme kwa dakika 15 unajua watu wamelala saa ngapi, wameamka saa ngapi na wanatumia vyombo gani. Ila ikasema kwa pale unakubalika kwa sababu lengo lilikuwa kuendesha umeme na sio kukamata watu, na wakaacha mlango wazi kwamba wangekuwa ni polisi, au ingekuwa dakika chache zaidi, hukumu ingeweza kuwa nyingine.

Hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ipo. Inakupa haki ya kuuliza mtu ana taarifa zako gani. Fundi atakayekuja kunifungia mita janja hatakuwa na majibu, huyo kazi yake ni bisibisi na plaizi, nitamchemshia chai aende zake. Barua itaenda ofisini na rasimu yake nshaianza: inatuma kila baada ya dakika ngapi, mnazitunza muda gani, na polisi wakizitaka wanatakiwa waje na karatasi iliyosainiwa na nani.